Banki ilisaini, sasa inasema hapana: ile barua inafunga sisi tu ao nao pia?

Yaya, jambo sana.

Nakuandikia saa tano ya usiku, bwana yangu amelala ao anajifanya amelala, tangu Jumanne humu nyumbani kila mutu anaongea na sahani yake. Utanisamehe kama naandika mrefu, nikianza kukata nitasahau kitu.

Tuko watu wa Lubumbashi, mu Kampemba, miaka tisa tunalipa nyumba ya watu. Bwana yangu ni mekanisie wa mashini kubwa kule Kolwezi, kampuni yao inafanyaka kazi za chini ya kampuni ingine ya shaba na cobalt, kontra yake haina tarehe ya mwisho, anakaa wiki mbili kule wiki moja hapa. Miye niko na kaduka ka vyombo na vitenge mu Kenya (commune yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, si inchi, nasema juu ya wasomaji wa mbali). Mushahara yake inapitaka mu banki moja ya hapa miaka sita sasa, siitaje jina.

Mwaka huu tukapata nyumba Bel-Air. Mama mwenye lupango ni mujane, anataka kwenda Likasi kwa mtoto wake. Vyumba tatu, kisima, na mwembe moja mukubwa mbele ya jikoni wenye watoto wangu walishaanza kuuita wao. Bei dola 44.000. Sisi tulikuwa na 6.000, tukaenda banki kuomba 38.000. Tuliwapa byote wenye waliomba, feshi ya mushahara, barua ya kazi, kopi ya sertifika ya lupango, wakatuma mutu wao kupima nyumba tukalipa 150, ikaenda muzuri.

Tarehe 12 mwezi wa tano 2025 wakatuita. Wakatupatia barua ya kurasa mbili, kichwa yake "Notification d'accord de crédit" (taarifa kwamba mukopo umekubaliwa), ndani 38.000, miaka 7, asilimia 13 kwa mwaka, kila mwezi dola 691, imesainiwa na wakubwa wawili na mihuri ya banki. Chini wanasema inatumika siku 60. Bwana akaandika "lu et approuvé" (nimesoma, nimekubali) akasaini kila ukurasa. Kesho yake wakakata dola 380 ku konti yake. Miye siku ile nilipika kuku, nakuambia ukweli.

Tarehe 17 tukamupatia mama avansi ya 6.000, tukaandika karatasi mbele ya shefu wa avenue: 38.000 yenye inabakia tutalipa mbele ya tarehe 15 mwezi wa saba, tukishindwa avansi inabakia ya mama.

Sasa Jumanne, tarehe 24 mwezi wa sita, kijana wa banki anamupigia bwana simu kule Kolwezi, hata si barua, simu tu, eti komite ya Kinshasa imerudisha dosie, eti serikali imeongeza tena miezi tatu ya kufunga cobalt isitoke inchi, sekta ya madini iko na risiki, "mutaona mbele". Mbele gani? Tuko na wiki tatu tu!

Kaka yangu anaishi Dallas, anasema ile barua kule wanaiitaka commitment letter, banki ikishasaini imefungwa, twende tuwashitaki kesho. Shemeji yangu mwenye anafanya mu banki ingine anasema tunajitesa bure, banki haifungwe na barua, inafungwa paka na kontra ya mukopo mbele ya notere, na makuta ikishatoka. Kila mutu anaongea na nguvu. Bwana yangu yeye haongee kabisa, na kule kazini wameanza kusema wengine watapumuzishwa, hakuna mwenye anajua nani.

Yaya, ile barua iko na uzito ao ni karatasi ya kufungia karanga?

Mama wa Kampemba

P.S. Kuko papa moja anakopeshaka watu pale sokoni, yuko tayari kutupatia 10.000 kwa asilimia 20 kila mwezi, tumupe mama ili atungoje. Unasema nini?

* * *

Mudogo wangu wa Kampemba,

Nilikuomba unitumie foto ya kila karatasi, na asante juu ulituma hata ile ya nyuma yenye uliona haina kitu, njo yenye iko na kitu, nitaifikia. Nilifanya miaka mingi mu ofisi ya avoka hapa Lubumbashi, miye njo nilikuwa napiga mashini barua sawa hizi, za banki na za watu wenye banki iliwaangusha, donki hapa siongei kwa kusikia.

Nikujibu haraka kwanza ndiyo nieleze: barua yenu inafunga banki. Lakini inaifunga na masharti yake, na kati ya yale masharti kuko moja yenye ninyi hamujamaliza. Kaka yako amesema nusu, shemeji wako amesema nusu, na ile nusu ya shemeji njo itawapoteza mukiifuata.

Shemeji anachanganya vitu mbili. Hipoteki (nyumba yenyewe kuwekwa rehani), ndiyo, ile inaomba karatasi ya notere na inaandikwa kwa konservatere (ofisa wa serikali wa hati za lupango) ku sertifika ya lupango, bila ile banki haina kitu mukononi. Lakini ahadi ya kukopesha ni mapatano yenyewe, inazaliwa siku watu wanakubaliana. Sheria yetu ya mapatano ni ya zamani sana, dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, wanasheria wanaiitaka kitabu cha tatu cha kodi sivili. Artikle ya 8 inaomba vitu ine tu: mwenye anajifunga awe amekubali, awe na uwezo wa kufunga mapatano, kitu chenyewe kijulikane, na sababu iwe ya halali. Haisemi notere. Artikle ya 33 inasema mapatano yenye yamefanywa kwa haki ni sheria kwa wale waliyafanya, hayavunjwe paka wote wakubali ao sheria iruhusu, na yafuatwe kwa roho safi. Avoka wa banki atakuja na hadisi ya vitabu vya zamani, kwamba mukopo unazaliwa paka makuta ikitoka mukono moja kuingia mwingine. Ni kweli vitabu vinasema vile juu ya mukopo. Lakini ninyi hamudai kwamba mumekwisha kukopeshwa, munadai kwamba waliahidi kukopesha, na ahadi ikivunjwa inalipiwa hasara.

Sasa ile ahadi iko ya namna gani, pale njo watu wengi wanaanguka. Banki zetu zinatoaka karatasi za aina mbili zenye zinafanana sura. Kuko ile ya "accord de principe", barua tamu, inasema banki "inaona vizuri" ombi yenu na itaendelea kuchunguza. Ile haiwapi mukopo, inawapa tu haki ya kudai banki iendelee kuongea nanyi bila ujanja. Nimeona watu wamelipa avansi ya lupango juu ya karatasi ile, wakalia. Yenu si ile. Yenu iko na kiasi, muda, asilimia, malipo ya kila mwezi, garanti, siku za kutumika, sinyatire mbili za banki na ya bwana yako. Hakuna kitu kilibakia cha kuzungumuza. Na ile 380 yenye walikata tarehe 13, angalia releve ya konti, mustari unasema "frais de mise en place". Makuta ya kuweka mukopo! Mutu hawezi kula bei ya harusi halafu aseme hatukuchumbiana. Ile releve uipige foto na uitoe ku karatasi, iwekwe pamoja na barua.

Kaka wa Dallas naye, umusalimie. Kule kwao karatasi ni nguvu kweli, hata sheria ya Texas inasema ahadi ya banki ya mukopo wa kupita dola 50.000 bila maandiko haina nguvu, mutu hawezi kwenda korti na "waliniambia". Lakini hata kule commitment letter ina masharti: nyumba ipimwe, hati iwe safi, na mwenye kukopa asipoteze kazi. Kwa mikopo yenye inauziwa Fannie Mae (kampuni kubwa ya kule yenye inanunuaka mikopo ya nyumba kwa banki), banki inapigaka tena simu kazini kwa mutu mu zile siku 10 za kazi mbele ya kusaini, kuuliza kama angali anafanya. Watu wanapoteza nyumba siku ya mwisho namna ile, mu Marekani, na barua iko mukononi. Kitu chenye miye nawaonea wivu ni kingine: kule banki ikikataa ombi, sheria inaipa siku 30 kujulisha mutu, na mutu iko na haki ya kujua sababu. Si kijana kupiga simu Kolwezi na "mutaona mbele".

Bon, tuingie mu masharti, ukurasa wa pili. Nimeona tano. Ya kupima nyumba, imefanyika, munayo risiti ya 150. Ya mushahara kupita kwao, inapita tangu miaka sita. Ya hipoteki, ile banki njo inapaswa kuwaita kwa notere, haikuwaita, na sheria yetu inasema kama mwenye kufungwa na sharti njo analizuia lisitimie, linahesabiwa limetimia, donki hapo hawawezi kujificha.

Ya ine ni asiransi ya maisha ya bwana yako. Na hapa, mudogo wangu, nyuma ya ile karatasi kuko formulere ya munganga, nusu imeandikwa kwa biki ya bluu, nusu iko weupe. Hakuna tarehe, hakuna muhuri ya munganga. Haukuniambia kitu juu ya ile. Nadhani bwana alikuwa zamu Kolwezi mukaiacha. Sasa barua inatumika siku 60 tangu tarehe 12 mwezi wa tano, ukihesabu inafika Ijumaa tarehe 11 mwezi wa saba. Ikifika tarehe 11 ile formulere ingali weupe, banki haitaongea tena cobalt wala komite, itasema tu: hamukutimiza, barua imekufa. Na itakuwa na haki. Bwana aombe ruhusa, ashuke kutoka Kolwezi, aone munganga wenye banki iliandika, na ile formulere ipelekwe banki na kopi yake ipigwe muhuri ya "reçu" na tarehe. Musiwaachie wakati mukono mutupu, hata wakisema "dosie imefungwa". Wakikataa kupokea, huisie (ofisa wa korti mwenye anapelekaka karatasi) ataipeleka na ataandika kwamba walikataa.

Ya tano njo vita yenyewe. Nimeisoma mara tatu. Inasema banki inaweza kurudi nyuma kama kutakuwa "changement significatif dans la situation du client", ni kusema mabadiliko makubwa mu hali ya klianti. Ya klianti. Haisemi sekta, haisemi soko, haisemi bei ya madini, na komite ya Kinshasa haitajwe fasi yoyote. (Kwa wasomaji wengine: kama barua yenu imeandikwa "sous réserve de l'accord du comité de crédit", ni kusema paka komite ya mikopo ikubali, jueni banki haijasema ndiyo, wale wamesaini ni wajumbe tu. Musitoe hata dola moja kwa mwenye nyumba.)

Tuangalie sasa nini imebadilika. Serikali ilifunga kutosha cobalt mu inchi tarehe 22 mwezi wa pili 2025, kwa miezi ine. Banki yenu imesaini tarehe 12 mwezi wa tano. Donki wakati wale wakubwa wawili wanashika biki, cobalt ilikuwa imefungwa karibu miezi tatu, kila mutu wa Lubumbashi anajua, hata mama mwenye anauzisha bukari kwa madereva wa malori anajua juu klianti yake walipungua. Risiki ya sekta walikuwa nayo mezani na wakasaini. Watasema: lakini tarehe 21 mwezi wa sita serikali iliongeza miezi tatu ingine, ile ni mupya. Ni mupya, ndiyo, avoka muzuri atavuta pale. Jibu lenu: imebadilika hali ya cobalt, haijabadilika hali ya bwana yangu. Kontra ileile, kazi ileile, na mushahara ya mwezi huu imeingia ku konti yao wenyewe. Na shaba haikufungwa, ile kampuni ya juu inatosha shaba kila siku.

Lakini kuko ile sentensi yako ya mwisho-mwisho, yenye uliandika haraka sawa mutu anapita karibu na mbwa: "wengine watapumuzishwa". Pale nilisimama. Kama bwana yako akipewa barua ya kupumuzishwa mbele mukopo utoke, ile njo changement ya klianti, na banki itakuwa na haki, hata miye ningekuwa hakimu ningewapa. Na musiifiche, mukificha mutapoteza na ile haki ingine. Aombe kazini barua mupya ya kazi, ya wiki hii, iseme angali kazini na kontra yake haijasimamishwa. Kama patron anaweza kuiandika, muko na nguvu. Kama patron anakwepa kuiandika, basi na miye ningesema musikope 38.000 mwaka huu, banki iwe inataka ao haitaki. Najua si ile ulitaka kusikia. 691 kila mwezi bila mushahara ya Kolwezi, kaduka ka Kenya hakataibeba, weye njo unajua hesabu yako kunishinda.

Tuseme kazi iko. Mutapata nini? Hapa watu wanajidanganyaka, wanafikiri hakimu ataamuru banki itoe 38.000. Mara nyingi haiendi vile, mutu haamuriwe kwa nguvu kufanya kitu chenye aliahidi kufanya, anaamuriwa kulipa hasara. Hasara yenu kubwa ni ile 6.000, kisha 380, kisha 150, na gharama za karatasi. Lakini sheria inalipisha tu hasara yenye mwenye kuvunja aliweza kuiona mbele wakati wa kujifunga, paka awe alifanya ujanja. Banki itasema: 6.000? Sisi hatukujua kama mulilipa mutu.

Ndiyo maana nilifurahia foto yako ya saba. Ni kopi ya ile karatasi yenu na mama, yenye mulipeleka banki tarehe 20 mwezi wa tano, na ku kona ya juu, iliyopinda kidogo, kuko muhuri ya duara ya banki, "reçu", na sinyatire ya mutu wa giche. Wanajua. Wanajua kiasi, wanajua tarehe ya 15, wanajua kwamba mukishindwa avansi inaenda. Watajitetea kwamba ile karatasi ilikuja siku nane nyuma ya wao kusaini, na hapo hakimu atapima, lakini walikaa nayo zaidi ya mwezi bila kuwaambia "ngojeni, bado". Ile kopi usiipatie mutu, hata avoka umupe fotokopi, orijinali ikae kwako. Miye nilipotezaka orijinali moja mu ofisi ya watu, sitasema ya nani, mpaka leo nikikumbuka natoka jasho.

Sasa mwenye kudai ni bwana yako, juu yeye njo alisaini. Kwanza aandike banki, yeye mwenyewe, ukurasa moja, apeleke kopi mbili, moja irudi na muhuri. Asitukane. Aandike hivi tu: mulisaini tarehe fulani, nilikubali tarehe fulani, mulikata 380, munajua niko na tarehe 15 ya kulipa, kijana wenu alinipigia simu tarehe 24, naomba muniandikie kama munakataa na munakataa kwa sharti gani ya barua, mu siku tano. Ile "kwa sharti gani" musiitoe. Banki ikilazimishwa kuchagua sababu na kuiandika, mara ingine inagundua haina sababu na dosie inafufuka, nimeona ikitokea. Na wakiandika "sekta", wamewapa silaha.

Hawakujibu, mutafute avoka, huisie apeleke mise en demeure (barua ya onyo ya mwisho mbele ya korti), na kesi ikifika inaenda Tribunali ya biashara ya Lubumbashi, juu mwenye munamushitaki ni mufanya biashara hata kama ninyi si watu wa biashara. Banki Kuu ya Congo nayo iko na ofisi hapa, munaweza kuipelekea kopi ya malalamiko, haitawalipa hasara lakini banki hazipendi jina lao lisomwe kule. Kesi ni ndefu na avoka anakula, kwa 6.530 kila mutu afanye hesabu yake. Miye ningepigania kwanza ile barua ya siku tano, kwa nguvu yote.

Lakini hata banki ikigeuka kesho, notere na konservatere hawatamaliza mbele ya tarehe 15. Kwa hiyo muende kwa mama wa Bel-Air, wiki hii, ninyi wawili, mbele aisikie kwa shefu wa avenue. Karatasi yenu inasema "avansi" na inasema itabakia kwake, hakuna mustari wenye unasema "kama banki ikikataa, makuta inarudi". Kule Ufaransa ile mustari sheria yenyewe inaiweka kwa mutu anayenunua nyumba kwa mukopo, tangu 1979, na hapa watu wanachukuaka mifano ya kontra za Ufaransa ku intaneti wakifikiri ulinzi umekuja pamoja na karatasi. Haukuja. Kwetu usipoandika, haiko. Mumuombe mama aongeze siku 60, muandike, musaini wote tena mbele ya shefu. Muonyesheni barua ya banki, musimufiche kitu. Na kama anataka kuuzisha kwa mutu mwingine, muombe muandikiane kwamba akipata klianti atawarudishia avansi ao sehemu yake. Mujane mwenye anataka kwenda Likasi anataka makuta yake kamili, 6.000 yenu pekee haimufikishe mbali, pale muna fasi ya kuongea. Mukienda, mupitie kwa konservatere mu njia, muulize kama ile sertifika haina hipoteki ya mutu mwingine. Mulipaswa kuuliza mbele ya kutoa avansi, lakini hata sasa si mbaya.

Ile P.S. yako: hapana. Asilimia 20 ya 10.000 ni dola 2.000 kila mwezi, faida tu, zile 10.000 zenyewe zingali pale zinakungoja. Ni karibu mara tatu ya ile 691 yenye ilikuwa inakunyima usingizi mwezi wa tano.